Kompyuta Huchagua Kosa Lako: Hotuba Kuhusu Takwimu na Hewa ya Majiji

Waheshimiwa madiwani, wahandisi, maofisa wa mazingira, vijana mnaosoma takwimu, mabibi na mabwana, habari za asubuhi.

Mada tuliyopewa ni jinsi hesabu za takwimu zinavyoweza kulisaidia jiji kuchagua hatua za kusafisha hewa. Swali lenyewe halina maneno mengi. Fedha ni kiasi hiki. Hatua zinazowezekana ni hizi: kutia lami barabara za vumbi, kuzoa taka zisichomwe mitaani, kubadilisha mabasi, kuwasaidia watu wapikie gesi badala ya mkaa. Tufanye ipi, wapi, na kwa kiasi gani, ili wakazi wavute uchafu kidogo iwezekanavyo? Hesabu ya kulitafuta jibu bora ni ya zamani. George Dantzig aliitengenezea njia yake maarufu mwaka 1947, na leo kompyuta ya kawaida ya ofisini huimaliza kabla chai haijapoa. Hapo hapana shida.

Shida ni kwamba programu inayosaka jibu bora ni mtumishi mtiifu kupita kiasi. Ukiipa jedwali lenye makosa haiyakwepi, inayakimbilia. Pale ambapo kosa limeifanya hatua fulani ionekane nafuu au yenye nguvu kuliko ilivyo, ndipo inapopeleka fedha zako.

Tufanye jaribio la mezani. Chukua hatua 10, na tuseme kwa kweli zote zina nguvu sawa: kila moja hupunguza mikrogramu 1 ya PM2.5, yaani zile chembe laini, katika kila mita ya ujazo ya hewa. Kuanzia hapa nitasema mikrogramu tu. Sisi hatuujui ukweli huo. Tunakadiria, na makadirio yetu yana mchepuko wastani wa 0.5, yaani kwa kawaida hukosea kwa nusu mikrogramu hivi, juu au chini. Kwenye jedwali moja itaandikwa 0.6, nyingine 1.3, nyingine zaidi. Ukiichagua iliyo juu kuliko zote, kwa wastani utakuwa umechagua iliyoandikwa 1.77. Utamwahidi meya 1.77 na utavuna 1. Ukiwa na hatua 50 badala ya 10, ahadi inapanda hadi 2.12, na mavuno ni yaleyale 1. Hakuna aliyedanganya. Kila kadirio peke yake lilikuwa la haki. Ni kule kuchagua cha juu kulikoleta uongo. Wanatakwimu huiita laana ya mshindi, na wazoefu wa minada wanaijua: anayeondoka na ng'ombe mara nyingi ndiye aliyekosea zaidi kumthamini.

Basi tulifuate kosa hadi linakozaliwa.

Majiji yetu mengi sasa yanapima hewa kwa vihisi vya bei nafuu. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, umeviweka Kampala na katika miji mingine ya Afrika. Ndani ya vifaa vingi vya aina hii kuna kiboksi cha urefu wa sentimita 5 hivi, chenye feni ndogo ya kuvuta hewa, mwali wa leza, na jicho la kupokea mwanga. Chembe ikipita kwenye mwali, mwanga hutawanyika na jicho hupata mmweko. Kifaa hakipimi uzito wowote. Kinahesabu mimweko, kisha kinakisia uzito kwa kudhani chembe zote ni za aina moja.

Dhana hiyo huvunjika kwa njia mbili, na njia zenyewe huvuta pande tofauti. Ya kwanza ni unyevu. Chembe za moshi hunywa maji kutoka hewani na kuvimba; unyevu ukipita asilimia 75 au 80, uvimbe huo huongezeka kwa kasi, na kihisi huliona tone la maji kana kwamba ni moshi. Dar es Salaam kabla ya jua kuchomoza, unyevu kupita asilimia 90 ni jambo la kawaida. Ya pili ni vumbi. Chembe kubwa, za mikromita 3 na kuendelea, viboksi hivi karibu havizioni. Namba ya PM10, yaani chembe zote hadi mikromita 10, inayotokea kwenye skrini sehemu kubwa ni makisio yaliyojengwa juu ya chembe ndogo. Kwa hiyo data ghafi itakwambia kwamba bonde lenye umande limejaa moshi, na barabara ya udongo inayotimuliwa na malori mchana kutwa ni safi. Iweke data hiyo kwenye programu, nayo itapeleka fedha bondeni na kuinyima barabara lami. Kosa la unyevu limegeuka kifungu cha bajeti.

Dawa ni kalibresheni, yaani kukilinganisha kihisi na mashine ya kuaminika na kurekebisha namba zake, na hapa sitaharakisha, kwa sababu hapa ndipo shilingi moja hufanya kazi ya shilingi kumi.

Kihisi huwekwa kando ya mashine ya rejea. Iliyozoeleka ni ile inayokusanya chembe kwenye utepe na kupitisha miale ya beta, ikitoa namba moja kila saa. Midomo ya kuvutia hewa iwe kwenye kimo kimoja, umbali wa mita chache, mbali na ukuta, na mbali na jiko la mama lishe. Acha vifaa hapo wiki 4 angalau. Wiki 4 za kiangazi peke yake hazitoshi. Rudia wakati wa masika, maana kalibresheni ya Agosti haijui kitu kuhusu Aprili. Wastani wa saa uhesabiwe tu kama asilimia 75 ya vipimo vya saa hiyo vipo. Kifaa kikiwa na viboksi viwili ndani, vilinganishe: wastani wao wa siku ukipishana kwa zaidi ya mikrogramu 5, na pia kwa zaidi ya asilimia 60 hivi, siku hiyo itupwe na kifaa kifunguliwe. Mara nyingi utamkuta buibui.

Kisha huja regresheni, yaani kutafuta mlinganyo unaoigeuza namba ya kihisi iwe karibu na ya mashine ya rejea. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilitoa mlinganyo kwa vihisi vya bei nafuu vya PurpleAir ambao umenakiliwa dunia nzima: zidisha namba ghafi kwa 0.524, toa 0.0862 mara asilimia ya unyevu, ongeza 5.75. Namba ghafi ikiwa 60 na unyevu 90, jibu ni 29.4. Namba ileile na unyevu 40, jibu ni 33.7. Mnaona ukubwa wa marekebisho: nusu ya namba inaondoka. Sasa jaribu hewa safi baada ya mvua, namba ghafi 0, unyevu 90. Unapata hasi 2. Mlinganyo haujaharibika, ila umetolewa kwao. Ulikadiriwa kwa hewa ya Marekani, ambako mchanganyiko wa moshi si wa mkaa, dizeli, taka zinazochomwa na vumbi jekundu. Chukueni umbo lake, yaani namba ghafi na unyevu kama vigezo, lakini hizo namba tatu mzikadirie nyumbani.

Wengi sasa wanapenda msitu nasibu, yaani mamia ya miti ya maamuzi inayopigiwa wastani. Ni njia nzuri, Kampala imetumika kwa mafanikio, lakini ina tabia mbili za kuchunga. Kwanza, haiwezi kutoa namba kubwa kuliko ile iliyowahi kuiona. Kama wakati wa kalibresheni namba ya juu ya mashine ya rejea ilikuwa 110, siku dampo la Dandora, Nairobi, litakaposhika moto na hewa kufika 300, mfumo wenu utaandika 110 au chini yake na kutulia. Regresheni ya mstari, pamoja na ushamba wake, ingepiga kelele. Pili, inajisifu ukiipima vibaya. Watu huchanganya saa zote, wanachukua asilimia 80 za kufundishia na 20 za kupimia. Saa 3 asubuhi inafanana sana na saa 4 ya siku hiyohiyo, kwa hiyo mfumo unafanyiwa mtihani ambao majibu umeshayaona. Kateni kwa wiki nzima, au kwa kituo kizima: fundisha kwa vituo vyote isipokuwa kimoja, kipime hicho kimoja, zungukeni hadi viishe. Kosa litaonekana kubwa zaidi. Hilo ndilo kosa lenu halisi, na ndilo la kupeleka kwenye hesabu zinazofuata.

Vihisi pia huchakaa. Feni hujaa vumbi, leza hufifia. Vifaa viwili vibaki kudumu kando ya mashine ya rejea, visihamishwe hata kama diwani ana kata isiyo na kifaa. (Samahani, waheshimiwa.) Machi 2025 Marekani iliacha kuchapisha data za vituo vya hewa vya balozi zake. Mji uliokuwa ukiitegemea mashine ya ubalozi kama rejea ulibaki na kalibresheni ya zamani ikizidi kuzeeka. Mashine ya rejea iwe mali ya jiji au ya chuo, na utepe wake uwe na fungu la fedha la kila mwaka.

Tuje kwenye mahali pa kupimia. Una vifaa 20 na orodha ya sehemu 200 zinazofaa. Namna za kuchagua 20 kati ya 200 ni nyingi kiasi kwamba idadi yake huandikwa kwa tarakimu 28. Hakuna kompyuta ya kuzipitia zote. Takwimu zinayo njia, na asili yake ni ya barani kwetu. Danie Krige, mhandisi wa migodi ya Afrika Kusini, mwaka 1951 aliandika jinsi ya kukadiria dhahabu ya Witwatersrand katikati ya matundu machache yaliyochimbwa. Wazo ni kwamba sehemu zilizo karibu hufanana, na ufanano hupungua kwa umbali. Ukijua unapungua kwa kasi gani, unaweza kukadiria pasipochimbwa na pia kusema kadirio lako lina shaka kiasi gani. Mfaransa Georges Matheron aliijengea nadharia na kuipa jina la Krige. Wanaofundisha kompyuta huita kitu kilekile mchakato wa Gauss. Weka moshi pahali pa dhahabu.

Ukiambia programu iweke kila kifaa mahali penye shaka kubwa, itavipeleka vyote pembezoni mwa ramani, kwa sababu hewa ya pembezoni ndiyo tunayoijua kidogo zaidi. Nusu ya eneo ambalo kila kifaa kinatueleza itakuwa mashamba, nje ya jiji. Swali sahihi ni jingine: kituo kipi, kikiwekwa, kitatueleza mengi zaidi kuhusu sehemu zile ambazo hatutaweka kituo? Kisha tumia njia ya mlafi. Jaribu sehemu zote 200, chukua iliyo bora. Jaribu 199 zilizobaki, chukua inayoongeza zaidi juu ya ile ya kwanza. Endelea hadi 20. Ni majaribio 3,810 tu. Nemhauser, Wolsey na Fisher walithibitisha mwaka 1978 kwamba, ikiwa kila nyongeza huleta faida inayopungua, mlafi huyu hapati chini ya asilimia 63 ya jibu bora kabisa. Kwa kawaida hufanya vizuri zaidi ya hapo.

Lakini angalieni orodha ya 200 ilivyopatikana. Kifaa kinahitaji umeme, mtandao wa simu, ruhusa ya mwenye jengo, na mahali pasipoibwa. Orodha ikishachujwa kwa masharti hayo inabaki na paa za ofisi na shule zenye uzio. Kampala ni mji wa vilima, na asubuhi baridi moshi hulala mabondeni ambako watu wamebanana. Nairobi na Dar es Salaam nako watu wa kipato kidogo wamejaa kandokando ya mito. Sehemu hizo zimeshaondolewa kabla hesabu haijaanza, na kompyuta haiwezi kuchagua kisichokuwemo. Basi nunueni vifaa 16 badala ya 20, na fedha za vile vinne zinunue nguzo, paneli ndogo za jua na betri kwa ajili ya mabonde. Kwenye mlinganyo wa ufanano, umbali usiwe wa ramani pekee. Ongezeni mwinuko na aina ya barabara, maana mlima na bonde lake vinaweza kupishana mita 500 na visifanane hata kidogo.

Sasa jedwali la hatua, ambalo ndilo kiini cha shughuli. Kila safu ni hatua, kila mstari ni mtaa, na ndani yake namba inayosema: ukitumia shilingi milioni 1 kwa hatua hii, mtaa huu utapungukiwa mikrogramu ngapi. Namba hizo hutoka wapi?

Njia moja ni kukusanya chembe kwenye vichujio, kupima kemia yake maabara, na kuzigawa kwa vyanzo kwa mbinu ya Paatero na Tapper ya mwaka 1994, ambayo hairuhusu chanzo chochote kuwa na mchango hasi. Silikoni, alumini na kalisi huashiria udongo. Potasiamu huashiria kuni na mkaa. Kaboni nyeusi hutoka zaidi kwenye dizeli na moto. Klorini mara nyingi huhesabiwa kuwa ni plastiki iliyochomwa. Hapo majiji ya pwani yajihadhari: klorini ni chumvi ya bahari vilevile. Kama hamkupima sodiamu ili kuitenga chumvi, upepo wa kusi utahesabiwa kama taka zinazochomwa, na mtatumia mamilioni kupambana na Bahari ya Hindi.

Njia ya pili ni kuhesabu magari na majiko, kisha kuzidisha kwa uchafu ambao kila moja hutoa. Viwango hivyo vya uchafu mara nyingi hukopwa Ulaya. Lori ambalo kichujio cha ekzosi kimeng'olewa ili lisipoteze nguvu halimo kwenye majedwali ya Ulaya. Dizeli ya Afrika Mashariki ilishushwa hadi sehemu 50 za salfa kwa milioni kuanzia Januari 2015, hatua kubwa kweli, ila Ulaya wanatumia 10. Kiwango cha kukopa kinaweza kuwa nusu ya ukweli, au mara mbili yake. Msiandike namba moja. Andikeni namba na upana wa shaka yake.

Mkishakuwa na upana huo, ile laana ya mshindi inatibika. Dawa ya kwanza ni kuvuta kila kadirio kuelekea wastani wa wenzake. Turudi kwenye hatua iliyoandikwa 1.77. Tuseme safari hii hatua hazilingani: nguvu zao za kweli zina wastani wa 1 na hupishana kwa mchepuko wa 0.3, na kosa la kukadiria ni 0.5. Zidisha 0.3 kwa 0.3 na 0.5 kwa 0.5, unapata 0.09 na 0.25. Gawanya 0.09 kwa jumla yao, unapata 0.26. Ile ziada ya 0.77 ibaki robo yake: 1.77 inakuwa 1.20. Ahadi kwa meya imepungua, lakini inalipika.

Dawa ya pili ni kutoipa programu jedwali moja. Programu ya mstari, yaani ile ya Dantzig inayodhani kila shilingi ya hatua moja huleta faida ileile, ikipewa jedwali moja humwaga fedha zote kwenye hatua inayoongoza mpaka igonge kikomo, kisha inaenda ya pili. Badilisha namba moja kwa asilimia 5, mpango mzima unaweza kugeuka juu chini; fundi mmoja anasema mabasi, mwenzake anasema lami, na wote wametumia programu ileile. Basi tengenezeni majedwali 500, kila moja likichotwa ndani ya upana wa shaka, na itakeni programu mpango mmoja ambao wastani wake katika majedwali 50 mabaya zaidi uwe mzuri kuliko mpango mwingine wowote. Hesabu hiyo hubaki ya mstari na kompyuta ya ofisini inaimudu. Kwa kawaida fedha husambaa kwenye hatua tatu au nne.

Kabla ya kubonyeza kitufe, someni lengo mliloliandika. Mkiandika "punguza wastani wa jiji", mtaa wenye nyumba kumi na mtaa wenye watu elfu kumi vitahesabika sawa. Zidisheni kwa idadi ya watu. Mkiandika "punguza vifo", kuna mtego ambao hata wazoefu hunasa. Mkunjo unaohusisha chembe na vifo hupanda kwa kasi hewa ikiwa safi, kisha hulala kadiri uchafu unavyozidi. Kuushusha mtaa kutoka 20 hadi 10 kunaonekana kuokoa wengi kuliko kuushusha mwingine kutoka 70 hadi 60. Programu, bila chuki na mtu, itapeleka fedha kule kwenye miti na lami, ambako hewa tayari ni safi zaidi. Wekeni sharti: hakuna mtaa utakaobaki juu ya mikrogramu 35 kwa wastani wa mwaka, ambacho ni kiwango cha mpito cha kwanza cha Shirika la Afya Duniani, ingawa lengo lao lenyewe tangu 2021 ni 5. Kisha tazameni bei kivuli ya sharti hilo, namba ambayo programu huitoa bure: sharti linaligharimu jiji kiasi gani. Namba hiyo ipelekwe barazani, maana uamuzi huo ni wa kisiasa, na fundi asiufiche ndani ya mlinganyo.

Ozoni naipitia haraka: haifuati mstari. Katikati ya jiji lenye magari mengi, kupunguza oksidi za nitrojeni peke yake kunaweza kuipandisha. Kwake tumieni modeli ya kemia ya hewa, si jedwali hili.

Limebaki moja: mtajuaje kama hatua imefanya kazi? Hatua huanzishwa baada ya wiki mbaya, watu wakilalamika, na baada ya wiki mbaya sana kwa kawaida huja wiki ya wastani, hatua iwepo isiwepo. Ukianza Februari, masika ya Machi yataosha hewa na utapongezwa kwa kazi ya mvua. Fundisheni modeli kutabiri PM2.5 kwa upepo, joto, mvua, unyevu, saa na siku ya juma, kwa data ya mwaka mzima angalau kabla ya hatua. Kisha itabiri hewa ambayo ingekuwepo bila hatua, na tofauti kati ya utabiri na kipimo ndiyo mnayoitafuta. Tofauti hiyo ikiwa ndogo kuliko lile kosa la kalibresheni mlilolipata kwa kukata kituo kizima, msiitangaze.

Kuna njia rahisi kuliko hiyo, na fedha za jiji huilazimisha yenyewe, kwani kata 12 haziwezi kuanza mwezi mmoja. Badala ya kuanza na kata ya mwenye sauti kubwa, andikeni majina 12 kwenye vikaratasi, yawekwe kwenye chungu, na mtoto wa shule achomoe moja moja. Kata zinazosubiri zamu zinakuwa kipimo cha zilizotangulia, kwa mvua ileile na upepo uleule. Chungu hicho kifunguliwe mbele ya madiwani wote, na orodha ibandikwe ubaoni siku hiyohiyo, kabla mkandarasi hajapewa funguo za stoo.